Kibiriti Ndani ya Mishmishi

Mwanangu wa mwisho aliniuliza majuzi kwa nini mishmishi, yaani aprikoti kavu, ninazomtilia kwenye mkebe wake wa chakula cha shule ni nyeusi nyeusi, na za wenzake zinang'aa kama chungwa. Kuna mtoto amemwambia kwamba mama yake anampa matunda yaliyooza. Nilimjibu kwa kifupi, maana basi la shule lilishafika, lakini siku nzima nilijikuta nimerudi kwenye duka letu la Minneapolis, nimekaa juu ya gunia la mchele nyuma ya pazia, kifua kikipiga filimbi.

Tulifika Minnesota, Marekani, nikiwa na miaka sita. Mliokulia kule miaka ile hamhitaji kuelezwa ile baridi inayogandisha vinyweleo vya pua kabla hujamaliza kufunga mlango, wala ile chumvi ya barabarani inayochora mistari myeupe kwenye viatu. Tulikaa Fridley, nje kidogo ya Minneapolis, kwenye apatimenti za matofali karibu na viwanda. Baba alianza kwa kazi ya kiwandani, kisha akakodi chumba mjini akafungua duka, maana yeye ni mtu wa Mombasa na kazi ya kusimama mbele ya mashine ilimdhoofisha roho. Aliuza mchele, viungo, nyama ya halali, leso, na kila aina ya tende na matunda makavu yaliyokuja kwa maboksi kutoka Chicago. Mama alifanya shifti kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Inver Grove Heights, akirudi na harufu ya sabuni ya hospitali mikononi. Kwa hiyo mimi nikitoka shule nilishushwa dukani, na nyuma ya pazia ndiko nilikofanyia hesabu zangu mpaka Baba afunge.

Nermin aliingia maishani mwetu kupitia boksi la mishmishi. Ilikuwa msimu wa majani kuanguka. Aliingia mwanamke wa makamo, mfupi, amevaa koti refu la kahawia, akaenda moja kwa moja kwenye boksi bila hata kuangalia kitu kingine. Alichukua tunda moja, akalinusa. Akalibinya katikati ya vidole, akaliinua kwenye taa, kisha akang'ata nusu na kuitazama nusu iliyobaki. Baba alidhani ni mkaguzi wa serikali. Aliacha mzani akamfuata, akamsalimu kwa adabu zote, na yule mwanamke akamwambia kwamba mishmishi hizi zinatoka kwao, Malatya, Uturuki, na kwamba ni za mavuno ya mwaka uliopita. Aina yake aliitaja kwa jina refu ambalo mimi na Baba tulichukua wiki kadhaa kuweza kulitamka: Hacıhaliloğlu.

Baba akamuuliza amejuaje. Nermin akasema hiyo ndiyo kazi yake.

Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya mambo ya matunda katika chuo kikuu, upande wa Saint Paul, mji wa jirani. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti wa matunda nchini kwao, na baba yake alikuwa na shamba la mishmishi tangu yeye hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa kuchukua aina moja moja na kuipima: sukari kiasi gani, uchachu kiasi gani, nyama yake nene au nyembamba, kokwa yake tamu au chungu. Mimi nilikuwa nikidhani tunda ni tunda. Yeye alizungumza habari za matunda kama watu wanavyozungumza habari za ukoo. Kuna aina iliyojaa sukari na ngozi laini, hiyo ndiyo ya kukausha. Kuna nyingine kubwa, ya kupendeza, tamu ukiila mbichi chini ya mti, lakini ukiikausha inakuwa kama soli ya kiatu. Kuna iliyozaa sana shambani kwao na hakuna aliyeitaka. Siku moja alileta mfuko wa kokwa, akazipasua kwa nyundo ya Baba sakafuni, akanipa kiini kimoja cheupe. Kilikuwa kitamu kama lozi. Akanionya kwamba kuna aina ambazo kiini chake ni kichungu na ni sumu, nisithubutu kuvunja kokwa yoyote mwenyewe.

Akawa anakuja kila wiki. Na Mama akiwa hayuko kazini walikaa pamoja nyuma ya pazia, kila mmoja na Kiingereza chake, na pale Kiingereza kilipokwama walitafuta maneno yaliyofanana. Sabuni kwao ni sabun. Dunia ni dünya. Kahawa, kitabu, wakati, yote waliyapata, na kila walipopata moja walifurahi kama watu waliookota kitu njiani.

Jambo moja tu Nermin hakukubaliana na Baba. Mishmishi za duka letu zilikuwa zile za rangi ya chungwa, zinazong'aa. Nermin alisema kwao wenyewe hula zile zilizokaushwa kwa jua peke yake, za rangi ya udongo mweusi, kwa sababu utamu wake ni wa ndani zaidi, unakaribia asali iliyochomwa. Alimuuliza Baba kwa nini hazileti. Baba akasema wateja hununua kwa macho.

Kisha ikaja Ramadhani, na miaka ile Ramadhani iliangukia katikati ya baridi. Siku zilikuwa fupi mno hata watoto tuliweza kufunga. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kufunga mwezi mzima kama mtu mzima. Baba alifurahi sana. Adhana ilitoka kwenye saa ya plastiki yenye umbo la msikiti iliyokuwa juu ya friji la nyama, na ilipolia, kabla hata ya saa kumi na moja jioni, tulikula tende na maji, kisha Baba alinisogezea boksi la mishmishi akaniambia nichague mwenyewe. Hiyo ilikuwa zawadi yangu ya kufunga. Nilichagua zile kubwa, zinazopitisha mwanga. Nilikula nyingi. Tukishaswali, Baba alifunga duka, tukatoka kwenda kwenye gari lililokuwa limegeuka jiwe kwa baridi.

Na kila siku, tukiwa njiani kurudi Fridley, kifua kilinibana.

Pumu nilikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza tulipofika, lakini ilikuwa ya kuja na kuondoka. Mwezi ule haikuondoka. Hewa ilikuwa ikiingia kwa shida, kama ninavuta kupitia mrija uliobanwa, na mabega yalipanda mpaka masikioni. Baba aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameshika pampu yangu ya kupuliza dawa. Daktari aliniuliza kama tunafuga paka. Akauliza habari za zulia, na kama Baba anavuta sigara. Yote tulijibu hapana. Kila siku kifua kilianza baada ya kutoka nje, na nje kulikuwa na baridi ya kuua. Hakuna aliyekuwa na shaka. Hata Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa Mombasa na hajawahi kuona theluji hata kwenye picha, alisema kwenye simu kwamba kifua cha mtoto yule kiliumbwa kwa hewa ya kwao.

Jioni moja, nimejilaza baada ya kufuturu, nikasikia sauti zao jikoni. Kwenye apatimenti zile tundu la hewa ya moto inayopasha vyumba joto lilipitisha maneno vizuri kuliko mlango. Mama alisema baada ya Idi atanipeleka kwa Bibi. Mama akasema tena, taratibu, kwamba mtoto hawezi kuishi mahali asipoweza kuvuta hewa, na kwamba ameshazungumza na Bibi, na Bibi amekubali.

Baba aliuliza, "Mpaka lini?"

Mama akasema hajui. Kisha nikasikia maji ya bomba yakifunguliwa, na yakaachwa yakimwagika muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa.

Mimi nilielewa kivyangu. Nilielewa kwamba nakohoa sana, kwamba Mama akitoka shifti anataka kulala na mimi simpi nafasi, na kwamba ndiyo maana nahamishwa. Tangu siku ile nikawa nakoholea kwenye mto. Nilijitahidi kupumua kwa siri. Bibi nilimkumbuka kama harufu ya udi na mikono yenye mishipa, na Kiswahili changu kilikuwa kimeshaanza kuniponyoka. Nilisikia kila kitu, lakini nikiulizwa nilijibu kwa Kiingereza. Nililala nikijaribu kukumbuka maneno nitakayoyahitaji huko.

Siku ya dhoruba ilianza kama siku nyingine. Theluji iliongezeka tangu adhuhuri, shule ikatuachia mapema, na kufika alasiri magari hayakuwa yakipita tena. Mama alikuwa ameletwa dukani na mwenzake wa kazini kabla barabara hazijafungika. Nermin naye alikuwa amekuja kununua mkate, mabasi yakasimama, akakwama nasi. Baba akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa gunia, akaongeza hita. Mle ndani kukawa na joto mpaka tukavua sweta. Ilipolia ile saa, tukafuturu sote wanne nyuma ya pazia, na Baba akanisogezea boksi langu.

Sikuwa nimemaliza hata kumeza ya mwisho. Kifua kilifunga ghafla, vibaya kuliko siku zote. Nakumbuka Mama akinipiga mgongo, na Baba akitikisa pampu na kuipuliza kinywani mwangu, na pampu ikitoa hewa tupu. Alikimbilia simu kuita ambulensi. Nermin alinikalisha, akaniinamisha mbele viwiko vikiwa magotini, akanishika mabega. Kisha nikamsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Lakini tangu mchana hajatoka nje."

Mama akamtazama.

"Hajatoka," Nermin akarudia. "Hakuna baridi hapa. Amekula nini?"

Ambulensi ilifika ikifuata nyuma ya greda la kuondoa theluji. Ilichukua muda ambao wazazi wangu hawapendi kuuzungumzia mpaka leo. Ndani yake walinifunika mdomo na pua kwa kitu cha plastiki kilichotoa mvuke, na nilipofika hospitali nilikuwa naona tena sura za watu.

Nermin naye alikuja. Nilikuwa nimelala, macho nusu yamefumba, na alikuwa akimweleza Mama jambo ambalo Mama hakulielewa. Alitaja neno la Kiingereza, Mama akatikisa kichwa. Akalitaja kwa Kituruki, kükürt, na hilo pia halikusaidia. Basi Nermin akainua mkono wa kushoto kama ameshika kiboksi kidogo, na kwa mkono wa kulia akakwaruza.

"Kibrit," alisema.

"Kibiriti?" Mama akauliza.

"Kibrit, ndiyo. Kitu kilicho kwenye kibrit. Kiko ndani ya mishmishi."

Mama akaketi kitandani kwangu. "Mwanangu amekuwa akila kibiriti," akasema, na sikujua anamwambia nani.

Wakubwa walielewa. Kwenye Kiswahili cha Mama neno lilikuwa moja, la ile dawa ya manjano, salfa, na la vijiti vya kuwashia moto, na yeye alijua lipi linakusudiwa. Nermin alimweleza daktari kwamba kwao, matunda yakishachumwa, hupangwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kibiriti huchomwa ndani ya sahani, na mlango hufungwa mpaka kesho yake. Moshi ule huingia kwenye tunda. Hulinda rangi na kufukuza wadudu, kisha ndipo tunda linaanikwa juani. Alisema binamu yake hakuweza hata kupita karibu na chumba kile, kifua kilimfunga. Miaka yote amekuwa akiupima moshi ule kwenye matunda, na jioni zote zile amekuwa akiniona nikiyala. Daktari akasema ndiyo, wapo watoto wa namna hiyo, si wengi, tuache mishmishi na tuone. Baba akakumbuka kwamba jina la dawa yenyewe limeandikwa ubavuni mwa boksi, kwa herufi ndogo, na ameliona mara nyingi alipokuwa akipanga maboksi hayo. Kwake lilikuwa moja ya maneno yanayoandikwa kwenye maboksi.

Lakini mimi nilijua kibiriti kimoja tu, kile cha jikoni. Akilini mwangu, nilikuwa nimekula njiti za kibiriti siku zote zile, zimesagwa ndani ya tunda, na zilikuwa zimejaa kifuani mwangu zikisubiri. Hiyo ilieleza kila kitu, hata ule mchomo niliousikia kifuani. Tuliporudi nyumbani sikukubali kusogea karibu na jiko la gesi. Mama akiniambia nipulize chai ipoe, niliisukuma mbali. Nilikunywa maji mpaka tumbo likauma. Mama alidhani ni ugonjwa mpya, na nikamsikia tena kupitia tundu la hewa akisema tiketi za Mombasa ziulizwe bei.

Nermin ndiye aliyenifanya niseme. Alikuja kunitazama, akanikuta nimekaa kwenye kona ya mbali kabisa na jiko, akaniuliza naogopa nini. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba sitaki kulipuka. Hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akamwomba Baba ruhusa, na Jumamosi akanipeleka maabara kwao Saint Paul.

Nilitegemea kuona mashine kubwa. Kilikuwa chumba chenye sinki nyingi na harufu ya siki. Kwanza alinionyesha unga wa manjano ndani ya chupa na kuniambia hicho ndicho, hakuna njiti popote. Kisha akachemsha mishmishi za rangi ya chungwa kutoka dukani kwetu ndani ya chupa yenye shingo ndefu. Mvuke ukapita kwenye mirija mpaka kwenye chupa nyingine yenye maji, na ndani ya maji yale akaanza kudondosha dawa, tone baada ya tone, akiniambia nimwambie rangi ikibadilika, na kwamba kibiriti kikiwa kingi matone nayo huwa mengi. Tulidondosha mpaka nikachoka kusimama. Halafu akachukua mishmishi zake mwenyewe, zile nyeusi, alizoletewa na dada yake. Zilitoka kwenye mti wa aina ile ile, kijiji kile kile. Tone la kwanza tu, rangi ikageuka.

"Moto ulizimika kule kule Malatya," akaniambia. "Kwenye tunda ulibaki moshi wake. Na ukiacha kula, kifuani hakibaki kitu."

Nilimuuliza kama basi nitabaki. Hapo ndipo alipojua kwamba ninajua habari za safari. Alinitazama, akasema hilo hawezi kulijibu yeye, lakini atamwambia Mama yale tuliyoyaona.

Mama hakuwa mtu wa kuamini chupa. Alitaka kuona kwa macho yake. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, kila tulipokwisha kufuturu kwa tende, alinivika koti na kofia na skafu, akanitoa nje kwenye maegesho ya magari, tukazunguka. Mara ya kwanza alinishika mkono na pampu mpya iko mfukoni mwake, akiniangalia uso badala ya kuangalia njia, akateleza kwenye barafu tukaanguka sote wawili. Tulizunguka tena. Theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu. Nilipumua, moshi mweupe ukatoka, na kifua kikawa kimya. Kesho yake tukazunguka tena, na keshokutwa. Siku moja Mama alisimama katikati ya maegesho, akainamisha kichwa akaweka sikio kifuani mwangu, juu ya koti, mbele ya watu wanaokwangua vioo vya magari yao. Nikamwambia hawezi kusikia kitu kupitia koti. Akaniambia ninyamaze.

Dukani Baba alibaki na maboksi ya rangi ya chungwa na Idi iko mlangoni. Hakuyatupa. Kila aliyetaka mishmishi alimuuliza kwanza kama nyumbani kwake kuna mwenye pumu, na kama yupo hakumuuzia. Watu waliona ajabu. Mwanamke mmoja alimuuliza kama amefungua duka au kliniki. Baadaye Nermin alimpatia njia ya kuagiza zile nyeusi, na wateja wakazigeuza geuza na kusema zimeharibika. Mama ndiye aliyeziokoa: aliziroweka, akazipika kwa iliki na sukari kidogo, akawa anawaonjesha kwa kijiko. Walioonja walinunua. Wengine waliendelea kununua kwa macho, na Baba aliwauzia, baada ya swali lake.

Asubuhi ya Idi tulimpigia Bibi simu. Mama alizungumza naye muda mrefu, amegeukia ukuta. Alimweleza habari za moshi na za chupa na za maegesho. Nilimsikia akisema, "La, mama. Haji tena. Atakaa na sisi." Kisha akasikiliza, na kutoka kwenye simu nilisikia sauti ya Bibi, ndogo, ya mbali, ikisema kitu kirefu.

Mama alipoweka mkono juu ya simu macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia Baba kwamba Bibi alishapaka chokaa kile chumba cha nyuma. Ameshanunua kitanda na chandarua. Amekwenda mwenyewe shuleni kuniombea nafasi, akawaambia majirani wote kwamba mjukuu wake anarudi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba upande ule kuna mtu ananingoja. Nilikuwa nimejua tu kwamba upande huu nafukuzwa.

Mama akanikabidhi simu. Nilimwamkia Bibi, nikaitikiwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kiswahili, nikayatafuta, yote yakawa yamekwenda. Bibi hakungoja.

"Wapumua vizuri?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Hebu pumua nikusikie."

Nilisogeza simu karibu na mdomo, nikavuta hewa mpaka mwisho, nikaitoa. Bibi akasema, "Tena." Nikavuta tena. Baba, ambaye siku zote alikuwa akituharakisha kwenye simu za nje, aliketi kwenye mkono wa kochi akiwa amevaa kanzu yake ya Idi, akatuacha tuendelee. Nilipumua, na Bibi akasikiliza, mpaka kadi ya simu ikaisha.